Safari Yetu ya Zaituni, Pwani ya Uchina

Wasomaji wetu wapenzi, bila shaka wengi wenu mmesoma au mmehadithiwa khabari za Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tangier. Mwaka 1331 alipita katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki; akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akashika njia ya bahari mpaka Kilwa, akausifu mji ule kwa uzuri wake na Sultani wake, Hasan bin Suleiman, kwa ukarimu na unyenyekevu. Lakini si wengi wajuao ya kuwa msafiri huyo huyo aeleza kwamba, kiasi cha miaka 14 au 15 baadaye, alishuka katika bandari moja ya Uchina, akawakuta huko kadhi, Sheikhul-Islamu na matajiri wa Kiislamu, nao wakafurahi kumwona kama watu wafurahivyo kumpokea ndugu aliyetoka safarini. Bandari hiyo Waarabu waliiita Zaituni. Leo ni mji wa Quanzhou, katika jimbo la Fujian, upande wa kusini-mashariki ya Uchina, ukielekeana na kisiwa cha Taiwan. Mwenyezi Mungu alitujaalia kuuzuru mji huo mwaka 2024, nasi twapenda kuwasimulia tuliyoyaona, kwani yamo mambo mengi ya kufurahisha macho, na limo jambo moja linaloihusu kila nyumba ya Kiislamu yenye watoto.

Aliyetuchukua ni rafiki yetu wa tangu chuoni, mtu wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi amekaa na ahali yake katika mji mkubwa wa Guangzhou akinunua bidhaa na kuzipeleka nyumbani. Wachina wana likizo ya taifa lao inayoanza tarehe 1 Oktoba. Maduka ya jumla hufungwa, na mfanya biashara hana la kufanya ila kupumzika. Basi rafiki yetu akatuambia, "Mwaka huu hatukai nyumbani. Twende tukauone mji wa Zaituni, tuliokuwa tukisomeshwa khabari zake na Maalim." Mkewe akatufungia mahamri na nyama ya kukaanga ya kututosha njiani. Kijana wao mkubwa, wa miaka 15, alitusindikiza mpaka mlangoni. Baba alimwusia mambo kwa Kiswahili, na kijana akajibu yote kwa adabu, lakini kwa Kichina. Rafiki yetu akacheka kidogo, akasema, "Ndivyo walivyo hawa. Kiswahili hukisikia, ila kinywani hakitoki."

Tulipanda treni iendayo kasi, ambayo hufuata pwani kuelekea mashariki na kisha kaskazini. Njia ile imejaa milima. Mara treni huingia katika shimo la giza, mara hutokeza tena kwenye mwanga, na bahari ikaonekana upande wa kulia ikiwa na mashua za wavuvi na miti iliyosimikwa majini kwa kufugia chaza. Adhuhuri na Alasiri tulizisali tumekaa vitini, kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri. Mama mmoja wa Kichina aliyekaa karibu nasi alimnyamazisha mtoto wake mpaka tulipotoa salamu. Hatukuwa na neno la kumlipa ila mahamri mawili, naye akayapokea kwa mikono miwili.

Mji wa Quanzhou una sehemu mpya za majumba marefu, na ndani yake umo mji wa kale wenye vichochoro, nyumba za matofali mekundu na mapaa yaliyopinda ncha kama pembe. Mgeni Mwislamu huuliza kwanza, "Mizeituni iko wapi?" Haiko hata mmoja. Ibn Battuta naye aliliona hilo akalitaja. Sababu ni kuwa hapo kale mji ulizungushiwa miti yenye miiba na maua mekundu, ambayo Wachina waiita citong. Waarabu walipolisikia jina hilo likawa Zaituni katika ndimi zao, nalo likadumu katika vitabu vyao. Kwa jina hilo ulisifiwa ulimwenguni kote. Marco Polo, mtu wa Venice, alisema kuwa kwa kila jahazi moja la pilipili manga liendalo Alexandria, majahazi mia moja huingia Zaituni. Na Ibn Battuta alihesabu huko merikebu kubwa zipatazo mia moja, na ndogo hazikuwa na hesabu.

Asubuhi ya Alhamisi tulikwenda kuangalia jahazi lenyewe. Mwaka 1974 Wachina walilifukua katika tope la bandari ya Houzhu, nalo sasa limewekwa katika nyumba maalumu ndani ya eneo la hekalu la Kaiyuan. Ni chombo cha karne ya 13. Kilichobaki ni sehemu ya chini tu, lakini hata hiyo ina urefu wa mita 24. Ndani yake mmegawanywa kwa viambaza 12, vikafanya vyumba 13, ili chombo kikitoboka mahali pamoja maji yasienee kote. Humo mlikutwa magogo ya udi na miti mingine ya manukato yenye uzito wa zaidi ya kilo 2,000, pamoja na pilipili manga, ubani, ambari, kauri na magamba ya ng'amba. Rafiki yetu, ambaye babu yake alikuwa nahodha, aliyasoma majina ya vitu vile, akatabasamu, akasema, "Hii ni shehena ya Bandari ya Kale, ndugu yangu. Imepungua boriti tu."

Na kweli, watu wa pwani hahitaji mtu kuwaeleza namna vyombo vile vilivyokwenda, maana kaskazi na kusi zilizowaleta kwetu Waarabu, Waajemi na Wahindi zina ndugu zao katika bahari ya Uchina. Majahazi ya Zaituni yaliondoka wakati wa baridi kwa upepo wa kaskazini-mashariki, yakarudi kiangazi kwa upepo wa kusini-magharibi. Nje ya mji upo mlima uitwao Jiuri, ambao wakuu wa serikali walikuwa wakikutana hapo kuomba upepo mwema, na tarehe za maombi yao wakazichonga katika miamba. Bidhaa kubwa iliyotoka huko ilikuwa hariri na vyombo vya kaure, vingine vikichomwa katika matanuri ya Dehua, nyuma ya mji huo. Msomaji atakayekwenda Gedi, karibu na Malindi, au Kilwa Kisiwani, ataonyeshwa vigae vya vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa katika nyumba za wazee wetu. Na katika makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika nguzo za makaburi yenyewe.

Kutoka hapo tulikwenda katika nyumba ya makumbusho ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1959. Ndani yake kuna mawe mengi ya makaburi ya Waislamu, yaliyochongwa kwa Kiarabu, mengine yakiwa na Kiajemi au Kichina pembeni. Tulikwenda jiwe baada ya jiwe tukisoma majina ya watu na miji waliyotoka: Bukhara, Isfahan, Tabriz, Khwarazm. Mawe kadhaa yamebeba maneno ya ile hadithi inayomhesabu afaye ugenini kuwa ni shahidi. Msomaji afikiri mwenyewe hali ya watu wale, waliofia mbali na mama zao, na wenzao wakawaandikia juu ya kichwa neno la kuwafariji.

Twapenda ijulikane jinsi mawe hayo yalivyookolewa. Mengi yalikuwa yamevunjwa na kutumiwa kama mawe ya kawaida ya kujengea. Kuta za mji zilipobomolewa katika karne ya 20, yakatokeza, na mafundi wakaanza kuyakata kwa kazi nyingine. Mwalimu mmoja wa shule wa mji huo, Wu Wenliang, akayaonea uchungu. Alizunguka akiyatafuta, akayanunua kwa fedha zake, akayapanga katika ua wa nyumba yake. Kisha akayatoa kwa taifa lake, na mwaka 1957 akachapisha kitabu juu yake. Kazi ya mwalimu mmoja mwenye subira imewahifadhia Waislamu majina ambayo hata jamaa zao hawakuweza kuyahifadhi.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa, nasi tukaenda katika msikiti wa Qingjing, ulioko kando ya barabara ya Tumen. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika ukuta wake yaeleza kuwa ulijengwa mwaka 400 wa Hijra, yaani mwaka 1009 au 1010, na kwamba ulitengenezwa upya mwaka 710 wa Hijra na Ahmad bin Muhammad al-Qudsi, mtu mwenye nisba ya Shiraz. Lango lake ni refu, la mawe magumu yaliyochongwa, lenye matao yanayofuatana moja nyuma ya jingine. Mtu akisimama chini yake hadhani kuwa yuko Uchina, bali hudhani yuko Uajemi. Ndani, upande wa kushoto, pana ukumbi wa kale wa kusalia. Kuta zake zimesimama, mihrabu yake imesimama, na aya za Qurani zilizochongwa mle zasomeka. Lakini paa halipo. Lilianguka kwa tetemeko la ardhi mwaka 1607, wala halikurudishwa. Nyasi zimeota pale walipokuwa wakisujudu watu.

Tuliukumbuka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Nao ulianzishwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Nao sehemu yake ya kale haina paa. Nao watu wake hujitaja kwa jina la Shiraz. Misikiti miwili ya umri mmoja, katika ncha mbili za bahari moja, imefikiwa na hali moja.

Walakini Qingjing haukufa. Kando ya kuta zile za kale pana ukumbi mpya, na saa ya Ijumaa ilipofika ulijaa watu. Walikuwepo Waislamu wa Kichina wenye kofia nyeupe, wengi wao wakiwa wametoka majimbo ya mbali ya kaskazini-magharibi, kama Gansu na Qinghai, waliokuja pwani kufanya biashara ya chakula. Walikuwepo Waarabu wachache, na sisi wawili wa Afrika. Khutba ilisomwa kwa Kichina na Kiarabu. Baada ya sala tulipeana mikono na watu tusiojua lugha yao, na neno "Assalamu alaikum" likatosha. Mmoja wao alituchukua kula tambi katika mkahawa wake. Tambi hizo huvutwa kwa mikono mpaka zikawa nyembamba kama nyuzi, na juu ya mlango wa mikahawa kama ile huandikwa qingzhen, maana yake safi na ya kweli. Kwa neno hilo Mwislamu hujua kuwa chakula ni halali.

Pale msikitini lipo pia jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407, iliyokataza mtu yeyote kuwaonea Waislamu au kuwafanyia ubaya. Msomaji atauliza, "Kwa nini walihitaji kulindwa, hali walikuwa matajiri na wakubwa wa bandari?" Jibu lake ni la kusikitisha. Chini ya utawala wa Wamongoli, ambao waliwapa wageni vyeo vikubwa, Waislamu wa Zaituni walipata nguvu nyingi. Mwaka 1357 askari wa Kiajemi waliokuwa mjini wakaasi, wakaingia katika vita vya wao kwa wao na vya kugombea utawala, vilivyodumu karibu miaka 10. Vilipokwisha mwaka 1366, hasira za watu ziliwaangukia Waislamu wote, mwenye hatia na asiye na hatia. Wengi waliuawa, misikiti ikachomwa, makaburi yakavunjwa. Miaka 2 baadaye ukaja utawala wa Ming, na biashara ya bahari ikafungwa kwa amri. Jamaa za Kiislamu zilizosalimika zikakimbilia vijijini, zikajificha. Hapo ndipo mawe ya makaburi yalipokuwa mawe ya kujengea.

Jumamosi tulipanda kilima cha Lingshan, nje ya lango la mashariki la mji wa kale. Hapo pana makaburi mawili yaliyofunikwa kwa kibanda cha mawe, na wenyeji husimulia ya kuwa ni ya wanafunzi wawili wa Mtume (s.a.w.) waliofika Uchina katika zama za mwanzo kabisa za Uislamu. Wanahistoria wengi hawakubali kuwa walifika mapema kiasi hicho. Lakini kuwa makaburi ni ya kale na yenye heshima hakuna shaka, kwani jiwe la Kiarabu la mwaka 1322 lililopo hapo laeleza kuwa Waislamu wa mji waliyatengeneza upya.

Karibu yake lipo jiwe jingine dogo la Kichina, nalo ndilo lililotusimamisha. Limeandikwa kuwa mwaka 1417 Zheng He, mkuu wa merikebu za mfalme, alifika hapo kabla ya kufunga safari ya Hormuz. Zheng He alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya Yunnan, na baba yake na babu yake waliitwa Haji. Safari ile haikuishia Hormuz. Merikebu zake ziliendelea mpaka Aden, Mogadishu, Barawa na Malindi. Miaka 2 kabla yake, mwaka 1415, Malindi ilikuwa imempelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga, na watu wa huko wakastaajabu mno. Basi tulisimama pale juu ya kilima, sisi watu wa pwani ya Malindi na Mombasa, mahali aliposimama mtu aliyekuwa akijitayarisha kuja kwetu. Tulisoma Fatiha, tukashuka.

Jioni ya siku hiyo tuliitoa kwa matembezi ya bahari. Tulitembea juu ya daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya mwaka 1053 na 1059, lenye urefu wa zaidi ya mita 700 juu ya mkono wa bahari. Mafundi wake walipanda chaza katika misingi ya nguzo, ili magamba yao yayashike mawe yasisukumwe na maji. Tuliteremka pia mpaka kijiji cha wavuvi cha Xunpu, ambako kuta za nyumba za zamani zimejengwa kwa magamba makubwa ya chaza, na wanawake hujipamba kichwani kwa mashada ya maua mabichi. Rafiki yetu alisema kuwa lau mama yake angeyaona maua yale, angeuliza kama ni asumini. Tulikaa ukutani tukatazama maji yakikupwa na mashua zikilala juu ya tope, na harufu ilikuwa ile ile ya kwetu.

Siku ya mwisho, Jumapili, tulikwenda Chendai, upande wa kusini wa Quanzhou. Leo Chendai ni mahali pa viwanda. Viatu vingi vya michezo vinavyovaliwa ulimwenguni hutoka katika wilaya hiyo. Lakini sisi tulikwenda kwa ajili ya ukoo mmoja uitwao Ding. Wazee wao walikuwa wafanya biashara Waislamu wa Zaituni, nao walihamia kijijini hapo kujificha katika zile siku za taabu. Yasimuliwa ya kuwa jina Ding lenyewe ni kipande cha mwisho cha jina Shamsuddin. Nyumba yao kuu ya ukoo imejengwa kwa umbo la herufi ya Kichina isomwayo hui, ambayo ndiyo jina la Waislamu wa Kichina. Aiangaliaye kwa mbele haoni kitu. Lakini angeiona kwa juu angelisoma neno hilo lililofichwa katika mpango wa kuta.

Mzee mmoja wa ukoo alitupokea akatuzungusha, na rafiki yetu akawa mkalimani. Alitupa chai. Alieleza kwa fahari kuwa katika siku za kuwakumbuka mababu, nyama ya nguruwe haiwekwi kabisa mbele yao. Rafiki yetu akamwuliza kwa upole, "Na ninyi wenyewe, mzee wetu, nyumbani mwaila?" Mzee akajibu bila kuficha, "Sisi twaila. Mababu ndio wasioila." Tukanyamaza wote watatu.

Jinsi ukoo ule ulivyofika hapo si fumbo, kwani mmoja wao mwenyewe aliandika. Ding Yanxia, mwanachuoni wa ukoo aliyeishi katika karne ya 16, aliandika maelezo juu ya dini ya mababu. Aeleza kuwa katika ujana wake aliwaona wazee wakiwavika maiti sanda bila ya jeneza, wakisali kwa kuelekea magharibi, wakifunga mwezi mzima wasile mpaka jua litue, wala hawakula nyama ila waliyoichinja wenyewe. Waliyasoma maneno ya Mungu kwa ndimi zao, lakini hawakujua maana yake, wala hawakutaka kuijua. Kisha aeleza namna mambo yalivyoondoka moja baada ya moja. Jeneza likaingia. Nguo za matanga za kigeni zikaingia. Nyama ya sokoni ikaliwa. Funga ikaachwa. Hakuna siku moja ambayo mtu alikuja na upanga akawaambia watoke katika Uislamu. Kila kizazi kilipunguza kidogo, na kilichofuata kikadhani kuwa hicho kidogo ndiyo dini nzima.

Mwaka 1979 serikali ya Uchina iliwatambua Wading kuwa ni Wahui, na tangu hapo wako wachache miongoni mwao waliojifunza sala na kuirudia dini ya babu zao. Twawaombea Mungu awazidishie. Wala hatupendi msomaji awacheke waliobaki, maana walipita katika misukosuko ambayo wengi wetu hatujaionja, na hata hivyo kwa zaidi ya miaka 600 wamelikumbuka neno moja. Swali linalofaa si kuwa wao walifanya nini, bali sisi twafanya nini, hali hakuna anayetufukuza.

Katika treni ya kurudi rafiki yetu hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi niliogopa sana watoto wangu wasije wakafuata marafiki wabaya. Leo nimeona kuwa lipo jambo la kuogopwa zaidi. Kijana wangu aisoma Yasini vizuri, lakini sikumweleza hata siku moja asemalo. Tena lugha ya kumwelezea nimemwacha aipoteze." Tukamwambia kuwa mlango haujafungwa. Akasema, "La, haujafungwa. Lakini ufunguo ninao mimi, si Maalim wa Mombasa." Kabla ya kufika Guangzhou alikwisha kuazimia mambo mawili. La kwanza, kila siku baada ya Magharibi atakaa na wanawe nusu saa, wasome aya chache na awaeleze maana yake. La pili, mezani pake pasisemwe ila Kiswahili. Ni mambo madogo. Lakini Wading walipoteza kwa madogo, na huenda kwa madogo mtu akahifadhi.

Mwaka 2021 Shirika la UNESCO liliuandika mji wa Quanzhou katika urithi wa ulimwengu, na msikiti wa Qingjing na makaburi ya Lingshan yamo katika orodha ya mahali 22 panapohifadhiwa. Hilo ni jambo jema, nasi twalishukuru. Walinzi wa mawe wamepatikana. Lakini hapana shirika liwezalo kuandikiwa kazi ya kumfundisha mtoto wako maana ya Alhamdu. Kuna maneno mashuhuri ya kuitafuta elimu hata ikiwa Uchina. Wanavyuoni wa hadithi wamesema kuwa mapokezi yake ni dhaifu, lakini maana ya kuipenda elimu ni sahihi. Sisi tulifika Uchina, na elimu tuliyoipata huko yatutaka tuitumie sebuleni.

Basi, enyi wazazi, na hasa ninyi mlio ugenini, Ulaya, Marekani, Ghuba au popote pale, msitosheke na kuwa jina la mtoto ni la Kiislamu na nguruwe haingii jikoni. Wading nao walikuwa na hayo. Nanyi vijana, msingoje kufundishwa tu. Waulizeni wazee wenu maana ya mnayoyasoma, na wakiwa hawajui, tafuteni pamoja nao. Qurani yatuhadithia katika Suratul-Baqara kuwa Nabii Yaakub (a.s.) alipofikiwa na mauti hakuwauliza wanawe juu ya mali wala nyumba, bali aliwauliza watamwabudu nani baada yake. Yafaa sote tuliulize swali hilo mapema, tungali wazima, na tulitayarishe jibu lake kila jioni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala Zaituni mbali na kwao, na azihifadhi nyumba zetu na vizazi vyetu. Amin.